Oksijeni ikizidi: jinsi pafu linavyoumia na jinsi kovu linavyoota

Mgonjwa amelala, barakoa imemfunika pua na mdomo. Ukutani kichupa cha maji kinatoa mapovu, na juu yake kuna kibomba kinachoonyesha ndani, kigololi kikielea kwenye alama ya 10, yaani lita 10 kwa dakika. Kidoleni amebanwa kile kifaa cha kupima oksijeni, na kioo cha mashine kinasoma 100, yaani damu yake imebeba oksijeni asilimia 100 ya inavyoweza. Ndugu zake wameikodolea macho namba hiyo. Tangu asubuhi ndiyo faraja yao. Anaingia muuguzi. Anaitazama 100, anaandika kwenye faili, kisha anageuza koki mpaka kigololi kinashuka kwenye 4. Namba inaanza kuteremka: 98, 97, 95. Ndugu wanatazamana. Mtu anahangaika kupumua, halafu anapunguziwa hewa?

Ni swali la haki kabisa, na wauguzi wengi hawapati nafasi ya kulijibu. Jibu lake ni kwamba oksijeni ni dawa, na kila dawa ina dozi. Dozi ya oksijeni hupimwa kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: ukali wake na muda ambao mtu ameivuta. Ikiwa kali kwa saa chache, mapafu huvumilia. Ikiwa kali kwa siku kadhaa mfululizo, ile hewa inayomweka mtu hai huanza kuzila kuta za pafu lake, na pafu linapojaribu kujitibu linaweza kujiachia kovu.

Naomba msomaji asiishie hapo. Wapo wanaosikia nusu ya habari hii, wakatoka na neno moja tu, kwamba oksijeni inaunguza mapafu, kisha wakamvua mgonjwa barakoa. Upungufu wa oksijeni huua kwa dakika. Madhara ya oksijeni nyingi huhesabiwa kwa saa nyingi na siku. Hivyo viwili havina uzito sawa.

Hofu iliyoanza zamani

Joseph Priestley alipoitenga oksijeni nchini Uingereza mwaka 1774, aliivuta mwenyewe na akahisi kifua kimekuwa chepesi. Hata hivyo aliingiwa na wasiwasi. Aliona mshumaa ukiwaka upesi zaidi ndani ya hewa ile na kuisha mapema, akajiuliza kama mwili wa binadamu nao hautaisha kwa kasi hiyo ukilishwa hewa safi kupita kiasi. Hakuwa na namna ya kulithibitisha. Mwaka 1899 daktari James Lorrain Smith, Mskoti aliyebobea katika patholojia, alionyesha kwamba wanyama wanaovuta oksijeni nyingi kwa muda mrefu hupata mapafu mazito, mekundu, yaliyojaa majimaji. Wapiga mbizi mpaka leo huyaita madhara hayo kwa jina lake.

Jambo linalowachanganya wengi ni neno asilimia. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Mtu husikia oksijeni asilimia 100 akadhani hiyo ndiyo sumu. Lakini Desemba 1965 wanaanga Frank Borman na Jim Lovell walikaa karibu siku 14 ndani ya chombo cha Gemini 7 wakivuta oksijeni tupu, wakarudi bila mapafu kuungua. Iliwezekanaje? Mgandamizo wa hewa ndani ya chombo ulikuwa takriban theluthi moja tu ya ule wa usawa wa bahari. Molekuli za oksijeni zilizogonga kuta za mapafu yao hazikuwa nyingi kupindukia. Kinyume chake, mpiga mbizi anayevuta oksijeni tupu kwenye kina cha mita 10 hupata dozi mara mbili ya yule aliyeko juu ya maji, ingawa chupa zote mbili zimeandikwa 100.

Kinachoamua, basi, ni mgandamizo wa oksijeni yenyewe. Hupimwa kwa angahewa, na angahewa 1 ni mgandamizo wa hewa yote kwenye usawa wa bahari. Hapo hewa ya kawaida hutupa oksijeni ya takriban 0.21 ya angahewa. Chini ya 0.5 hivi, mapafu ya mtu mzima mwenye afya huvumilia kwa muda mrefu sana. Juu ya hapo saa inaanza kuhesabu, na kadiri ukali unavyoongezeka, saa hiyo hukimbia. Ndiyo maana anayetibiwa ndani ya chemba ya mgandamizo, penye angahewa 2 au zaidi, hupewa muda mfupi, mara nyingi kama dakika 90, na katikati huvuliwa barakoa avute hewa ya kawaida kwa dakika kadhaa kisha arudishiwe. Mapumziko hayo mafupi yanaipa tishu nafasi ya kujisafisha.

Ukuta mwembamba kuliko karatasi

Ili kuona oksijeni inaumiza wapi, lazima tuingie mpaka mwisho wa njia ya hewa. Huko kuna vifuko vidogo mno vya hewa, mamia ya milioni, na ukivitandaza vyote vingekaribia nusu ya uwanja wa tenisi. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kiasi kwamba sehemu kubwa yake haifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Upande mmoja hewa, upande wa pili damu. Wembamba huo ndio unaoiruhusu oksijeni ipite kwa kasi, na ndio unaoufanya ukuta uwe rahisi kujeruhiwa.

Ndani ya kifuko kuna seli za aina mbili. Za kwanza ni bapa, zimejitandaza kama shuka na kufunika takriban asilimia 95 ya eneo. Hizi hazigawanyiki, ikifa moja, haizai nyingine. Za pili ni nene, zimekaa pembeni na kwenye kona. Hizo hutengeneza safaktanti, ute unaovizuia vifuko visishikamane mtu anapotoa pumzi, na zina kazi nyingine ambayo ndiyo moyo wa habari yote: ndizo mafundi. Seli bapa zikifa, zile nene hugawanyika, hutambaa hadi kwenye pengo, na baadhi yao hujigeuza kuwa bapa. Upande wa damu nako, mishipa midogo kabisa imefunikwa na seli laini zinazozuia maji ya damu yasivujie kwenye hewa.

Sasa oksijeni. Kila seli ina mitokondria, mahali nishati inapotengenezwa, na humo elektroni hupokezanwa kutoka protini hadi protini kama watu waliojipanga mstari wakipitishiana ndoo za maji. Ndoo hutikisika, matone humwagika. Elektroni moja iliyopotea ikidakwa na oksijeni, hutokea supaoksaidi, molekuli isiyotulia mpaka imenyang'anya kitu kwa jirani. Hili hutokea ndani yetu kila sekunde, na mwili una ulinzi wake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitambua kimeng'enya kinachoigeuza supaoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, ile ile inayotumika kupaushia nywele, na vimeng'enya vingine huigeuza hiyo kuwa maji.

Katika hewa ya kawaida, ulinzi huo unatosha. Oksijeni ikipandishwa mara nne au tano, matone yanayomwagika huwa mengi kuliko wanaofuta. Haidrojeni peroksaidi ikikutana na madini ya chuma yaliyolegea ndani ya seli hutoa radikali ya haidroksili, ambayo hushambulia chochote ilicho karibu nacho: mafuta ya utando wa seli, protini, hata DNA. Utando wa seli unachacha, kwa maana halisi ya neno hilo, kwa kuwa kemia inayofanya mafuta yaliyoachwa wazi yachache ni hii hii. Rebeca Gerschman, mwanafiziolojia kutoka Argentina, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1954 yeye na wenzake walieleza kwamba sumu ya oksijeni na madhara ya mionzi ya eksirei yanatokana na chanzo kimoja, yaani radikali huru, molekuli zisizotulia kama supaoksaidi na haidroksili. Wengi hawakulichukulia kwa uzito mpaka kile kimeng'enya kilipotambuliwa.

Na kwa nini pafu, si ini wala figo? Kwa sababu viungo vingine hupokea oksijeni iliyochukuliwa na damu, na damu ina kikomo cha inachoweza kubeba; hata mtu akivuta oksijeni tupu, kinachoongezeka huko ndani si kingi. Seli za kifuko cha hewa hazina kinga hiyo. Zinakutana na oksijeni uso kwa uso.

Siku tatu za panya

Picha iliyo wazi kuliko zote imetoka kwa panya wa maabara waliowekwa ndani ya oksijeni tupu. Nitaieleza polepole kwa sababu inafundisha mengi kwa daktari na kwa ndugu wa mgonjwa.

Saa 24 za kwanza panya anakula na kutembea. Ukilitazama pafu lake kwa darubini, ni kama hakuna kilichotokea. Lakini uharibifu umeshaanza katika kemia ya seli. Kati ya saa ya 40 na ya 60 mambo hubadilika ghafla. Seli zilizojeruhiwa zimetoa ishara za kuomba msaada. Chembe nyeupe za damu zinamiminika, zinanasa kwenye mishipa midogo na kumwaga silaha zao ambazo, kwa bahati mbaya, nazo ni radikali huru na vimeng'enya vya kumeng'enya tishu. Jeraha la kwanza lilitoka kwenye oksijeni, la pili linatoka kwa waliokuja kuokoa. Seli za mishipa midogo ndizo zinazopungua zaidi, nyingi zikifa kabla seli za upande wa hewa hazijaonyesha madhara makubwa. Ukuta unavuja, maji yanaingia kwenye vifuko na kuzunguka mapafu yenyewe. Karibu na saa ya 72 panya wengi wamekufa.

Jambo la ajabu linakuja ukiwaweka panya wengine kwenye asilimia 85 badala ya 100. Wanaumia, lakini wengi wanaishi. Baada ya siku 7 hivi seli nene zimeongezeka sana na vimeng'enya vya ulinzi vimepanda. Ukiwahamishia panya hao kwenye oksijeni tupu, wanaivumilia kwa muda ambao ungewaua wenzao. Tofauti ya asilimia 15 tu ilitosha kuwapa mafundi muda wa kufanya kazi. Ndiyo maana daktari wa chumba cha mahututi hufurahi akiweza kushusha oksijeni anayovuta mgonjwa kutoka asilimia 100 hadi 80, hata kama kwa mtazamaji hiyo 80 bado ni kubwa mno.

Binadamu hatuendi kwa kasi ya panya. Mwaka 1945 Julius Comroe na wenzake nchini Marekani waliwaomba vijana wenye afya wavute oksijeni kwa saa 24. Waliopewa tupu walianza kulalamika maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, yanayozidi wakivuta pumzi ndefu, pamoja na kikohozi kikavu. Waliopewa asilimia 50 hawakupata dalili hiyo. Wala hawakuipata waliovuta oksijeni tupu ndani ya chemba iliyoshushwa mgandamizo mpaka ukawa kama wa mita 5,500 juu ya bahari, jambo linalokubaliana kabisa na habari ya Gemini 7.

Uchunguzi mwingine wa baadaye ulionyesha kwamba hata saa 6 za oksijeni iliyokaribia asilimia 95 zinatosha kuifanya njia ya hewa iwe nyekundu na makamasi yasafiri polepole, maana vijinywele vinavyoyasukuma hulegea. Kuna pia tatizo lisilohusu sumu kabisa. Naitrojeni hainyonywi upesi na damu, hivyo hukaa ndani ya vifuko na kuvishikilia vibaki wazi. Ukiijaza nafasi yake oksijeni tupu, damu huinyonya yote, na kifuko ambacho njia yake imezibwa na kamasi hunywea kama mpira uliotoboka. Hapo mgonjwa huonekana anahitaji oksijeni zaidi, wakati ni oksijeni ndiyo iliyokinywesha kifuko.

Kovu linavyoota

Watu wakisikia kovu la pafu hufikiria kitu kilichoungua, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Picha hiyo haitoshi. Kovu ni ukarabati uliokosa mwisho.

Siku za mwanzo za jeraha, ukiangalia kipande cha pafu kwa darubini utaona utando wa rangi ya waridi umejibandika ndani ya vifuko, kama gundi iliyokauka ndani ya kikombe. Ni mchanganyiko wa protini zilizovuja kutoka kwenye damu na mabaki ya seli zilizokufa. Chini yake kuna msingi wa kifuko, kijitando ambacho seli hukikalia. Hapo ndipo hatima ya pafu inapoamuliwa. Kama msingi huo umebaki mzima na seli nene zikaufunika mapema, gundi husafishwa, maji hunyonywa, na ukuta hurudi karibu kama ulivyokuwa.

Kama msingi umechanika, au mafundi wamechelewa, faibroblasti huingia. Hizi ni seli za tishu ya kushikilia, na kazi yao ni kutandika kolajeni, kamba ngumu za protini zinazoziba mapengo ya mwili. Ishara kuu inayoziita ni protini iitwayo TGF-beta, ambayo imehifadhiwa ndani ya tishu ikiwa imefungwa. Radikali huru ni mojawapo ya vitu vinavyoifungua. Faibroblasti zikishaisikia, baadhi hubadilika na kupata nguvu ya kujikunja kama misuli, zikiivuta tishu huku zikitandika kolajeni. Katika kidonda kinachopona vizuri, seli hizo hufa kazi ikiisha. Katika pafu ambalo kila saa linaumizwa upya, amri ya kuacha haifiki.

Hapa pana jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Oksijeni kali haiui seli bapa peke yake. Huzizuia pia seli nene zisigawanyike. DNA yao imeguswa, na seli yenye DNA iliyoguswa husimamisha mgawanyiko mpaka ijirekebishe. Kwa panya wadogo wa maabara imeonekana kwamba wimbi kubwa la mgawanyiko wa seli hizo huja baada ya mnyama kurudishwa kwenye hewa ya kawaida. Tafakari maana yake pale kitandani. Muuguzi aliyegeuza koki alipunguza jeraha, na papo hapo aliwafungulia mafundi mlango.

Kovu likishakaa, ukuta ule uliokuwa sehemu ya elfu ya milimita hunenepa. Oksijeni huchukua muda kupita. Pafu linakuwa gumu na kila pumzi inadai nguvu. Kwenye picha ya CT huonekana nyuzi nyeupe zimesukana kama utando wa buibui. Na mzunguko mbaya unaanza: pafu gumu linahitaji oksijeni nyingi na msukumo mkubwa wa mashine, navyo huumiza zaidi.

Hata hivyo kovu la aina hii si hukumu ya maisha. Linatofautiana na ule ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo, ambao huendelea kutanuka mwaka hadi mwaka hata mtu akiwa nyumbani. Makovu yanayofuata jeraha la ghafla mara nyingi husimama, na mengine hupungua. Watafiti wa Toronto, Kanada, waliwafuatilia watu 109 waliopona shambulio kali la mapafu na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Ukubwa wa mapafu yao ulikuwa umerudi karibu na kawaida ndani ya miezi 6. Kilichobaki nyuma hata baada ya mwaka ni ule upitishaji wa gesi kwenye kuta, pamoja na udhaifu wa misuli ya mwili mzima, ambao kwa wengi ulikuwa mzigo mkubwa kuliko mapafu yenyewe.

Je, ni oksijeni peke yake?

Kwa binadamu swali hili ni gumu kuliko kwa panya. Anayepewa oksijeni nyingi kwa siku nyingi huwa tayari ana mapafu mabovu kwa nimonia, kwa sumu ya damu au kwa ajali, na mara nyingi yuko kwenye mashine ya kupumulia. Ukikuta kovu, utamshika nani? Mwaka 1970 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa ambao ubongo wao ulikuwa umeharibika bila tumaini la kurudi. Wapo waliowekwa kwenye hewa ya kawaida na wengine kwenye oksijeni tupu, wote kwa mashine. Baada ya saa 30 hadi 40 hivi, waliokuwa kwenye oksijeni tupu walionyesha mapafu yaliyozidi kudhoofika. Kwa hiyo oksijeni ina hatia yake.

Lakini mashine nayo ina yake. Mwaka 2000 utafiti mkubwa wa Marekani wenye wagonjwa 861 ulilinganisha pumzi kubwa na pumzi ndogo za mashine. Waliopewa pumzi ndogo walikufa asilimia 31, waliopewa pumzi kubwa karibu asilimia 40. Oksijeni haikuwa ndiyo tofauti kati ya makundi hayo. Ulikuwa mvutano wa kuta. Kwa maoni yangu, kumwambia mtu aliyebaki na makovu baada ya kulazwa kwamba ni oksijeni iliyomharibu ni kumdanganya kwa nusu ukweli. Ugonjwa, mashine na oksijeni vilisukuma kwa pamoja, na bila hivyo viwili vya mwisho pengine asingekuwepo wa kuuliza.

Wapo ambao kwao tahadhari huzidi. Aliyetibiwa saratani kwa bleomisini ana dawa ambayo yenyewe hufanya kazi kwa kuzalisha radikali huru, na pafu lina uhaba wa kimeng'enya cha kuivunja. Anapokwenda kufanyiwa upasuaji, hata baada ya muda kupita, lazima amweleze daktari wa usingizi. Aliyekunywa dawa ya magugu ya parakwati yuko katika hatari ya pekee, kwa sababu sumu hiyo hukusanywa na seli zile nene na kuitumia oksijeni kama kuni. Kwake madaktari hujizuia kutoa oksijeni mpaka upungufu uwe mkubwa, na huo ni uamuzi wa hospitali, si wa nyumbani.

Watoto njiti

Sura hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza watoto 32 waliozaliwa na mapafu machanga na kuwekwa kwenye mashine. Waliovuta oksijeni ya asilimia 80 hadi 100 kwa zaidi ya saa 150 walionekana kupata ugonjwa mpya: eksirei zenye mabaka na vishimo, mapafu yenye kovu sehemu moja na yaliyotanuka kupita kiasi sehemu nyingine. Kabla ya mashine watoto hao wangekufa siku za kwanza. Ugonjwa ule ulizaliwa na mafanikio ya tiba.

Mtoto njiti ana udhaifu wa pande mbili. Vimeng'enya vinavyozima radikali huru huongezeka katika majuma ya mwisho ya mimba, na yeye hakuyafikia. Pia vifuko vyake vya hewa bado havijagawanyika. Siku hizi, kwa safaktanti na mashine za upole, makovu makubwa kama ya mwaka 1967 yamepungua. Kinachoonekana zaidi ni pafu lililoacha kujijenga, lenye vifuko vichache na vikubwa kuliko inavyopaswa. Macho nayo huumia: kati ya miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 takriban watoto 10,000 walipofuka kabla haijafahamika kwamba oksijeni isiyopimwa ndiyo chanzo kikuu.

Baada ya hapo madaktari waliogopa, wakaibana oksijeni mno, na watoto wengine wakafa kwa kuikosa. Hata katika majaribio ya karne hii, watoto ambao oksijeni ya damu yao ililengwa kubaki kati ya asilimia 85 na 89 walipata ugonjwa mkali wa macho wachache zaidi lakini walikufa wengi zaidi kuliko waliolengwa 91 hadi 95. Lengo la juu ndilo linalotumika sehemu nyingi leo. Na mtoto aliyetimiza miezi yake, akizaliwa bila kupumua, hufufuliwa kwanza kwa hewa ya kawaida ya asilimia 21, si oksijeni tupu kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi.

Namba ya kulenga

Kwa watu wazima mambo yametulia kwa kiasi. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Uingereza hulenga namba ya kwenye kioo iwe 94 hadi 98 kwa wagonjwa wengi, na 88 hadi 92 kwa wale ambao mapafu yao hushindwa kutoa kaboni dayoksaidi. Jopo la kimataifa mwaka 2018 lilishauri mgonjwa anayepewa oksijeni asivushwe 96. Ile 100 ya kwenye kioo ina udanganyifu wake: kipimo cha kidoleni hakiwezi kupanda zaidi ya hapo, hivyo hakikuambii kama damu imetosheka tu au imefurika mara tano.

Kubana kupita kiasi nako hakujaleta neema. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2020, lililolenga oksijeni ya chini kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoshambuliwa vikali, lilisimamishwa mapema baada ya wagonjwa 205, na matumbo ya watano kati ya waliobaniwa yalikuwa yamekosa damu. Mwaka uliofuata jaribio jingine la wagonjwa karibu 2,900 katika nchi za Ulaya halikuona tofauti ya vifo kati ya lengo la chini na la juu kidogo. Hakuna ushindi uliopatikana kwa kwenda chini kabisa. Hatari ipo kwenye ncha zote mbili, na katikati pana nafasi ya kutosha ya kufanyia kazi.

Anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani kwa ugonjwa sugu wa mapafu mara nyingi hujiuliza kama anajitia kovu. Kwa mirija ya puani ya lita 2 kwa dakika, hewa inayomfikia ina oksijeni kama asilimia 28, mbali na mstari wa hatari. Majaribio mawili makubwa, la Marekani mwaka 1980 na la Uingereza mwaka 1981, yalionyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu mkubwa walioitumia saa 15 au zaidi kwa siku waliishi muda mrefu zaidi. Anayeizima usiku kwa kuogopa mapafu yasiungue anaunyima mwili na moyo wake kile kilichopimwa na kuandikwa kwa ajili yake.

Na kwa ndugu waliokaa kando ya kitanda, swali la kumuuliza muuguzi lipo, na ni fupi: mgonjwa wetu analengwa ngapi? Akijibu 94, basi 95 iliyoko kwenye kioo ni habari njema kuliko ile 100 ya asubuhi, maana mgonjwa ameipata kwa lita 4 badala ya 10. Kesho waangalie kigololi kabla ya kuangalia namba. Kikishuka hadi 2 na namba ikabaki pale pale, pafu linapona.